Nyota mbili kwa kesi isiyo na juri: kisa cha tahakiki moja ya filamu ya mahakamani jijini Nairobi

Kisa hiki kilitokea katika dawati la utamaduni la chapisho moja la Kiswahili jijini Nairobi. Majina ya chapisho, filamu, mwongozaji, wakili na wahakiki yameondolewa, na hadithi ya filamu imebadilishwa kidogo ili isitambulike. Mfuatano wa matukio, makosa na sheria inayohusika havikuguswa.

Usuli

Mtazamaji wa Nairobi ameijua mahakama kupitia milango miwili. Mmoja ni runinga ya taifa. Vioja Mahakamani ya KBC imezoesha vizazi kadhaa kuona kizimba kama jukwaa la vichekesho, mshtakiwa akijibu apendavyo na umati ukicheka. Mlango wa pili ni filamu na tamthilia za Marekani, na humo mna watu kumi na wawili wa juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wakili anayetembea mbele yao akiwatazama machoni, pingamizi zinazopaazwa na siri inayofichuliwa dakika ya mwisho. Walioketi kwenye benchi za mahakama ya Milimani jijini tangu asubuhi wakingoja kesi iitwe ni wachache, na miongoni mwa wanaoandika kuhusu filamu ni wachache zaidi.

Kenya haina juri. Enzi za ukoloni juri ilikuwepo kwa ajili ya washtakiwa Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza, na maoni ya wazee hao hayakumfunga jaji. Wazee nao waliondolewa katika kesi za jinai kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007. Siku hizi kesi ya mauaji husikizwa na jaji mmoja wa Mahakama Kuu, naye peke yake ndiye anayeamua ukweli wa ushahidi na maana ya sheria. Anayeandika kuhusu filamu ya mahakamani ya Kenya bila kulijua hili ataona pengo mahali ambapo hakuna pengo.

Mwongozaji ana zaidi ya miaka 70 na alianza kazi enzi za mikanda ya milimita 16. Waigizaji wengi mjini humwita Mwalimu, kwa sababu wengi wao kweli aliwafundisha. Filamu hii ilikuwa ya kwanza kwake baada ya ukimya wa miaka mingi. Ina dakika 118 na inafuata kesi ya mwanamke anayeuza chakula kibandani karibu na eneo la viwanda, anayeshtakiwa kwa kumuua mwenye nyumba wake. Karibu yote inatokea ndani ya chumba kimoja cha mahakama, na kesi inachukua miaka minne.

Mfuatano wa matukio

Onyesho la wanahabari lilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Dawati lilimtuma mhakiki mwenye miaka mitatu kazini, kijana makini anayejua historia ya filamu za Afrika kuliko wenzake wengi. Aliitazama mara moja na kuandika gizani kwenye daftari. Alitakiwa kuikabidhi kazi Alhamisi saa kumi jioni, siku ambayo filamu ilizinduliwa.

Ijumaa saa moja asubuhi tahakiki ilitoka ikiwa na maneno 740 na nyota mbili kati ya tano. Mhakiki alikuwa ameipa kichwa kilichotaja kasi ya filamu. Mhariri msaidizi aliyekuwa zamu ya usiku alikiona kimepoa akakibadilisha kuwa "Mzee amechoka". Dawati la mitandao likatengeneza kadi yenye picha ya mwongozaji, nyota mbili na kichwa hicho. Kufikia saa sita mchana kadi ilikuwa imeenea katika makundi ya WhatsApp ya waigizaji, na kwa wengi ilifika bila kiungo cha tahakiki yenyewe.

Siku hiyohiyo machapisho mengine manne yalitoa yao, na yote yalisifu. "Gwiji amerejea" na "nguli hazeeki" ndiyo yaliyokuwa maneno. Katika matatu kati ya hayo ilionekana sentensi moja ileile, neno kwa neno, iliyotoka kwenye kijitabu cha watayarishaji.

Jumamosi jioni wakili mmoja alimwandikia mhariri ujumbe mrefu unaoorodhesha makosa manne ya kisheria katika tahakiki ya nyota mbili. Jumatatu saa mbili asubuhi mwongozaji mwenyewe alipiga simu.

"Binti yangu, sikupigii nikuombe nyota," alisema. "Kijana wako ameandika kwamba kiongozi wangu wa mashtaka amesahau kazi yake. Muulize kama amewahi kusikia mtu akijitetea bila kiapo."

"Mwalimu, nimekusikia," mhariri alijibu. "Nipe hadi Jumatano tuichunguze."

"Chunguzeni. Lakini usiifute. Ukiifuta watasema mzee amekutisha."

Tahakiki ilisema nini, na mahakama hufanya nini

Lawama ya kwanza, na ndiyo nzito kuliko zote, ilihusu dakika ya 81. Mshtakiwa anasimama kizimbani, anaeleza usiku wa tukio kwa dakika sita bila kukatizwa, anaketi. Kiongozi wa mashtaka anainuka nusu, anafunga faili, anarudi kitini. Hakuna swali hata moja. Mhakiki aliandika kuwa huo ni "mwanya mkubwa wa hadithi" na kwamba hakuna mwendesha mashtaka ambaye angeachilia nafasi hiyo.

Ukweli ni kwamba mwendesha mashtaka hakuwa na nafasi ya kuachilia. Kifungu cha 306 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinampa mshtakiwa katika Mahakama Kuu, akishaonekana ana kesi ya kujibu, njia tatu. Anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo na kuhojiwa na upande wa pili, anaweza kutoa maelezo bila kiapo asihojiwe, au anyamaze. Maelezo bila kiapo humkinga na maswali, lakini uzito wake mbele ya jaji ni mdogo, kwa sababu hayajapimwa kwa maswali. Kwa hiyo mandhari ile inabeba uamuzi wa hatari. Mwanamke amechagua kusema yote mahali ambapo maneno yake hayatashambuliwa na pia hayatahesabika sana. Kabla ya hapo, katika dakika ya 77, wakili wake anamnong'oneza akimwonyesha vidole vitatu. Vidole hivyo ni zile njia tatu. Mhakiki aliviona na hata akaviandika daftarini, lakini hakujua vinamaanisha nini.

Lawama ya pili ilikuwa ya jaji. Katikati ya filamu jaji mwanamume anatoweka na mwanamke anaketi mahali pake. Tahakiki iliita hili "mhusika aliyesahauliwa na mwandishi". Majaji na mahakimu wa Kenya huhamishwa, hupandishwa vyeo, hustaafu, na kesi inayodumu miaka minne inaweza kupita mikononi mwa zaidi ya mmoja. Kifungu cha 200 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu anayeingia aendelee pale mwenzake alipoachia, na kifungu cha 201 kinaupeleka utaratibu huo hadi Mahakama Kuu. Sharti ni kwamba mshtakiwa aelezwe haki yake ya kutaka mashahidi waitwe upya. Filamu ina mandhari hiyo. Jaji mpya anamuuliza mshtakiwa kama anataka mashahidi warudi, mshtakiwa anamtazama wakili, wakili anatazama saa, jibu linakuwa hapana. Mandhari ina sekunde 40 hivi. Kutokana nayo, anayetoa hukumu ni mtu ambaye hakumwona shahidi muhimu akitokwa jasho. Alichonacho ni maandishi ya jaji aliyeondoka. Hapa ndipo moyo wa filamu ulipo, na tahakiki zote tano zilipita pasipo kupaona.

La tatu lilihusu kasi. "Kila jibu linafuatwa na kimya kisichoeleweka," aliandika mhakiki. Kimya hicho ni cha jaji anayeandika. Kwa miaka mingi mwenendo wa kesi katika mahakama za Kenya umeandikwa kwa mkono na jaji au hakimu mwenyewe, na wakili aliyezoea huuliza swali, hungoja jibu, kisha hutazama kalamu. Kalamu ikiinuka, anauliza lingine. Shahidi anayeharakisha huambiwa asubiri mahakama iandike. Vyombo vya kurekodi na kunakili sauti vimeingia katika baadhi ya mahakama, lakini mdundo wa kalamu bado unafahamika na kila aliyewahi kutoa ushahidi. Mwongozaji aliujenga mdundo huo katika uhariri wa filamu. Maswali ya wakili wa utetezi yanakuja baada ya kalamu kutua, na mara moja tu, katika dakika ya 52, anauliza kabla ya jaji kumaliza. Jibu la swali hilo haliandikwi. Dakika 50 baadaye hukumu inasomwa, na jibu hilo halimo.

Hata hivyo, mhakiki hakukosea aliposema filamu inachosha kati ya dakika ya 30 na ya 45. Kujua sababu ya kimya hakumwondolei mtazamaji uchovu. Mashahidi watatu mfululizo wanasema karibu jambo lilelile, na kalamu inapewa muda uleule kwa wote watatu. Mmoja angeondolewa na filamu isingepungukiwa.

La nne lilikuwa lugha. Mama wa yule mwenye nyumba aliyeuawa anatoa ushahidi kwa lugha yake ya mama, na mkalimani wa mahakama anautafsiri kwa Kiswahili. Maneno ya mama hayana manukuu chini ya skrini, ilhali Kiingereza cha mawakili kina manukuu filamu nzima. Mhakiki alidhani yamesahauliwa. Katiba, Ibara ya 50(2)(m), inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo, na mkalimani ni sura ya kila siku katika mahakama zetu. Mwongozaji aliyaacha maneno yale matupu ili mtazamaji aketi pamoja na jaji, akiutegemea mdomo wa mkalimani. Na mkalimani anafupisha. Mama anasema alisikia sauti za watu wawili. Mkalimani anasema alisikia kelele. Waliokuwa ukumbini wanaoijua lugha hiyo walishtuka kwa sauti. Wengine waligeuka kuwatazama, wasijue kimewapata nini.

Kwa hili la nne lawama haifutiki yote. Mwongozaji hakuacha alama nyingine yoyote ya kumsaidia asiyejua lugha hiyo, hata uso wa karani aliyesikia tofauti. Ufunguo wa hadithi uko mkononi mwa watazamaji wachache tu, na wengine wanatoka bila kujua kwamba mlango ulikuwepo.

Palikuwa pia na sentensi moja fupi kuhusu kamera "iliyoganda". Waliotazama mara ya pili waliandika kimo cha kamera katika kila mandhari na kuona mpango. Kabla ya jaji kubadilishwa, kamera iko kwenye benchi la umma, juu kidogo ya vichwa. Baada yake inashuka hadi usawa wa kizimba na haitoki tena hapo. Mwongozaji Mmarekani Sidney Lumet alifanya jambo la jamii hiyo mwaka 1957 katika 12 Angry Men, filamu yake ya chumba cha juri, akianza na kamera juu ya usawa wa macho na kumalizia chini yake, huku akibadilisha lenzi ili kuta zionekane zikikaribia. Mwongozaji wetu hakubadilisha lenzi. Chumba chake kinabaki na ukubwa uleule, mshtakiwa ndiye anayezidi kuwa mdogo ndani yake.

Mandhari iliyosifiwa na wote

Tahakiki zote tano, pamoja na ile ya nyota mbili, zilikubaliana juu ya jambo moja, kwamba mandhari ya adhabu ndiyo kilele cha filamu. Jaji anamtia mwanamke hatiani, anavua miwani, anasema kwa sauti inayotetemeka kwamba sheria haimpi njia nyingine, na papo hapo anatoa adhabu ya kifo. Mwigizaji wa jaji alisifiwa kila mahali, na alistahili.

Kisheria mandhari hiyo haiwezekani katika wakati ambao filamu inaonyesha. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Muruatetu kwamba ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji unakiuka Katiba. Adhabu yenyewe haikuondolewa, na jaji bado anaweza kuitoa. Kilichoondoka ni ulazima. Baada ya kumtia mtu hatiani, jaji husikiza maombi ya kupunguziwa adhabu. Huzingatia mambo kama umri, kama ni kosa la kwanza, majuto, na uwezekano wa mtu kurekebika. Anaweza kuitisha ripoti ya afisa wa probesheni na kusikiza familia ya marehemu. Mara nyingi shughuli hiyo hupewa siku yake mbali na siku ya hukumu.

Filamu inajionyesha wazi kuwa ya baada ya 2017. Katika dakika ya 60 shahidi anatoa ushahidi kupitia skrini, utaratibu ulioenea nchini kuanzia janga la Korona la mwaka 2020. Jaji wa filamu alikuwa na njia nyingine nyingi. Machozi yake yamejengwa juu ya mkono uliofungwa, na mkono huo ulikwisha kufunguliwa.

Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, ukikisoma kilivyoandikwa, bado kinasema anayepatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo. Mwandishi aliyefungua kitabu cha sheria bila kufuata maamuzi ya mahakama atakuta maneno hayo na kuyaamini.

Maamuzi ya dawati na sababu zake

Mhariri aliamua tahakiki isifutwe, kwa sababu ileile aliyoitoa mwongozaji na kwa nyingine ya ziada. Maandishi yakifutwa, picha za skrini hubaki, na masahihisho hayana pa kuning'inia.

Aliomba watayarishaji kiungo cha kutazamia filamu, kilichopigwa jina la chapisho juu ya picha nzima na chenye muda wa saa 48. Walitazama wawili, kila mmoja kivyake: mhakiki wa kwanza na mwenzake mkongwe zaidi. Daftari liligawanywa safu tatu, ya dakika, ya kinachoonekana au kusikika, na ya swali. Safu ya tatu ilizaa maswali 11, na manne tu kati yake yalikuwa yametajwa na wakili wa Jumamosi.

Kuhusu wakili huyo, mhariri alifanya jambo ambalo wengi husahau, akasoma orodha ya majina mwishoni mwa filamu. Wakili alikuwamo, kama mshauri wa sheria. Aliyoyaandika yote manne yalikuwa sahihi, lakini hakuwa mtu wa nje, na katika ujumbe wake hakulitaja hilo. Dawati lilitafuta wakili mwingine wa kesi za jinai asiye na uhusiano na filamu, likamtumia maswali 11 kwa maandishi. Aliombwa ajibu sheria na utaratibu tu, na asitoe maoni kama filamu ni nzuri. Yeye ndiye aliyeandika, chini ya swali la tisa, kwamba mandhari ya adhabu ina tatizo kubwa kuliko mengine yote.

Masahihisho yaliwekwa juu kabisa ya tahakiki, kabla ya aya ya kwanza. Yalitaja kilichosemwa, kilicho sahihi, na siku ya kusahihisha. Aya zenye kosa ziliachwa mahali pake zikiwa zimepigwa mstari. Kichwa kilirudishwa kile cha mhakiki.

Juu ya nyota palikuwa na ubishi wa kweli. Mhariri msaidizi alitaka zibaki mbili, akisema zikibadilika baada ya simu ya mzee, msomaji ataona woga. Mhakiki alisema nyota zilisimama juu ya sababu nne, mbili zimeanguka kabisa na mbili zimebaki nusu, na hawezi kuweka jina lake chini ya alama isiyo na miguu. Hoja yake ilishinda, na ilistahili kushinda. Alama ikawa tatu, ile ya zamani ikiwa bado inaonekana pembeni pamoja na sababu ya mabadiliko.

Jambo la mwisho lilikuwa makala ya pili, maneno 1,600, kuhusu sheria ndani ya filamu, pamoja na kosa la adhabu. Kabla ya kuitoa, dawati lilimtumia mwongozaji swali kwa maandishi na kumpa saa 24. Makala yenyewe hakuonyeshwa. Alijibu baada ya saa tatu. Mswada uliandikwa na kupitiwa na wakili mshauri mwaka 2016, fedha zikakosekana, na upigaji picha ulipowadia, skrini ya ushahidi wa mbali iliongezwa ili filamu ionekane ya leo. Hakuna aliyempelekea wakili mswada upya. "Hilo ni langu," aliandika. "Nilibadilisha samani za chumba nikasahau sheria yake."

Matokeo

Makala ya pili ilitoka Alhamisi iliyofuata. Mawakili waliisambaza, walimu wawili wa vyuo waliomba ruhusa ya kuitumia darasani, na mwongozaji alimpigia simu mhakiki. Walizungumza zaidi ya saa nzima, mengi yakiwa kuhusu mkalimani. Tahakiki nne za sifa hazikusahihishwa na yeyote, na hakuna aliyezilalamikia.

Kadi ya nyota mbili haikurudishika. Dawati liliifuta kwenye kurasa zake na kutoa nyingine yenye masahihisho, lakini ile ya kwanza iliendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wengi walioiona hawakuwahi kuiona ya pili.

Uchambuzi

Kosa la mhakiki ni la kipimo. Aliingia ukumbini na juri kichwani na kuitafuta juri hiyo katika filamu nzima, na kila ilipokosekana aliandika kasoro. Bidii haikumsaidia, kwa sababu daftari lake lilikuwa na kila kitu, vidole vitatu, kalamu, jaji mpya. Kilichokosekana ni saa moja ya kumuuliza mtu anayejua. Kati ya Jumanne mchana na Alhamisi jioni kulikuwa na nafasi ya simu mbili. Desturi ya dawati ilikuwa kwamba simu za ukaguzi hupigwa kwa habari na hazipigwi kwa tahakiki, na desturi hiyo ndiyo iliyoangusha kazi.

Waliosifu walikosea kwa njia ileile, ingawa wao hawakulaumiwa. Hawakuiona mandhari ya jaji mpya, hawakusikia mkalimani akifupisha, na waliipigia makofi mandhari ya adhabu bila kuuliza kama inawezekana. Mhariri alizifanyia maandishi yote matano jaribio moja: futa kila sentensi inayohusu umri, jina na historia ya mwongozaji, kisha usome kilichobaki. Katika tahakiki moja ya sifa zilibaki aya mbili kati ya tisa. Katika ile ya nyota mbili ilibaki karibu yote, isipokuwa kichwa ambacho mhakiki hakukiandika. Mzee aliyefanya kazi miaka arobaini anastahili kutazamwa kwa makini hivyo, dakika kwa dakika, na kuambiwa alipopatia na alipokosea. "Mzee amechoka" na "gwiji amerejea" zote zinamtazama mtu na kuiacha kazi yake mezani.

Kutenganisha swali la sheria na swali la uzuri kulifaa sana. Kama wakili angeulizwa kama filamu ni nzuri, angejibu kama mtazamaji, na dawati lingekuwa limempa kazi ya mhakiki. Inabaki kazi ya mhakiki kuamua kosa la kisheria lina uzito gani. Kosa ambalo hadithi haikulitegemea, kama rangi ya joho, linatajwa kwa nusu sentensi au linaachwa. Kosa la mandhari ya adhabu ni la aina nyingine, kwa sababu filamu inamwomba mtazamaji amhurumie jaji asiye na hiari, na hiari anayo. Makala ya pili ilikwenda hatua moja mbele na kueleza kwamba mandhari ingekuwa nzito zaidi kwa sheria ya leo, kwa kuwa jaji ambaye hakuwaona mashahidi wa kwanza angelazimika kuichagua adhabu mwenyewe. Huo ndio uhakiki unaomfaa msomaji na mtengenezaji filamu kwa pamoja.

Upande wa kadi na vichwa haukurekebishwa ipasavyo. Baada ya kisa, dawati liliweka sharti kwamba kichwa kikibadilishwa usiku mhakiki apigiwe simu, na kadi isitoke kabla ya saa 24. Sharti la kwanza linafuatwa. La pili lilivunjwa ndani ya mwezi, filamu nyingine ilipozinduliwa siku moja na mchezo mkubwa wa soka na dawati la mitandao likaogopa kupitwa.

Kuna jambo moja la kiufundi lililojitokeza baadaye. Katika mandhari ya adhabu jaji anaonekana kwa nyuma kwa sekunde kadhaa, na mdomo wake hauonekani. Kabla ya filamu kupelekwa miji mingine, mwongozaji alimrudisha mwigizaji kwenye chumba cha sauti, wakarekodi sentensi mbili mpya juu ya picha ileile, na akaongeza sekunde 35 za wakili akiomba adhabu ipunguzwe. Pia aliweka uso wa karani, kwa muda mfupi sana, mkalimani anaposema "kelele". Kwa hiyo filamu sasa ina matoleo mawili, la dakika 118 lililoonyeshwa Nairobi na lingine lililozidi kidogo dakika hizo. Tahakiki ya nyota tatu imeongezewa mstari chini ya kichwa unaosema ni toleo lipi lililohakikiwa, na mhakiki ameomba kiungo cha la pili.